Maswali tunayoulizwa kila siku: kuunganisha laptopu na TV

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wateja wetu wa hapa Kigoma, wa Mwanga, Gungu na Ujiji, pamoja na wale wa Kasulu, Buhigwe na Uvinza wanaotupigia simu wakiwa wameinama nyuma ya TV, kebo mkononi. Maswali ni yenu, tumeyaacha jinsi mnavyoyauliza. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza hela au kuunguza vitu.

Fundi, nataka kuangalia muvi za kwenye laptopu kwa kutumia TV. Ninunue kebo gani?

Usinunue kwanza. Geuza TV, piga picha mgongo wake kwa simu, halafu piga picha ubavu wa kulia na wa kushoto wa laptopu. Njoo na picha hizo. Mteja anayekuja na jina la TV na inchi zake peke yake anatufanya tubahatishe, maana TV mbili za kampuni moja, inchi zilezile, zinaweza kuwa na matundu tofauti kabisa.

Unachotafuta kwenye picha ni hiki. HDMI ni tundu bapa lenye pembe mbili za chini zilizokatwa. Ndani yake kuna pini 19 na linabeba picha na sauti pamoja. VGA ni kubwa zaidi, mara nyingi la buluu, lina vijitundu 15 kwa safu tatu na nati ya kufungia kila upande. Hilo linabeba picha tu. AV ni yale matundu matatu ya duara: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Kuna TV flati ambazo AV yake imebanwa ikawa kitundu kimoja kama cha hedifoni, kimeandikwa AV IN. Hicho kinataka waya wake maalumu uliokuja na TV, na ukiupoteza usichukue wowote unaoingia, kwa sababu mpangilio wa ndani hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Unaweza kupata picha iliyogeuka mngurumo kwenye spika.

Zote mbili zina HDMI. Nifanyeje?

Hapo huna kazi. Chomeka kebo huku na huku, chukua rimoti ya TV, bonyeza SOURCE au INPUT, chagua HDMI yenye namba ya tundu ulilotumia. Kwenye laptopu ya Windows shikilia kitufe cha Windows kisha bonyeza P. Zitatokea chaguo nne. Duplicate inaonyesha kitu kilekile pande zote mbili. Extend inaifanya TV iwe uwanja wa pili, unaweza kuweka muvi kule na kuendelea na kazi zako huku. Second screen only inazima kioo cha laptopu na kuiacha TV peke yake. Kwa muvi sisi tunaipendekeza hii, kwa sababu laptopu nyingi za kawaida zina kioo cha 1366 kwa 768 na ukitumia Duplicate mara nyingi TV nayo inashushwa kufikia hapo hata kama yenyewe ni ya 1920 kwa 1080.

Njia hii ya Windows na P ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Kwenye mashine ya zamani zaidi, shika Fn na kitufe kimojawapo cha juu chenye alama ya vioo viwili.

Nina HDMI moja tu kwenye TV, na king'amuzi kimeshaikalia.

Angalia kama king'amuzi chako kina AV. Vingi vinayo. Kihamishie huko, HDMI uiachie laptopu. Kama hutaki picha ya king'amuzi ishuke ubora, kuna kiboksi kidogo cha kuchagulia, kebo mbili zinaingia na moja inatoka kwenda kwenye TV, unabonyeza kitufe kuchagua. Unapoagiza, sema wazi kwamba unataka cha mbili kuingia moja kutoka. Ukileta cha moja kuingia mbili kutoka, umeleta kitu cha kupeleka king'amuzi kimoja kwenye TV mbili.

Picha imekuja lakini sauti inatokea kwenye laptopu.

Bonyeza alama ya spika chini kulia kwenye kioo cha laptopu, tafuta orodha ya mahali pa kutolea sauti, chagua jina la TV. Kama jina halipo, chomoa HDMI na uirudishe huku TV ikiwa imewaka na iko kwenye SOURCE sahihi. Basi.

Ukitumia VGA, usihangaike na orodha hiyo. VGA haina sauti na haitakuwa nayo. Unahitaji waya wa pili, ule wenye pini kama ya hedifoni kila upande, kutoka laptopu kwenda kwenye kitundu cha sauti kilicho jirani na VGA ya TV, au kwenda kwenye sabufa moja kwa moja.

TV inaandika No Signal.

Kwa mpangilio huu: SOURCE, kebo, Windows na P, tundu lingine la HDMI, kebo nyingine. Tunaanza na SOURCE kwa makusudi. Umeme ukikatika na kurudi, TV nyingi zinawaka zikiwa kwenye king'amuzi au antena na kusahau mlikuwa HDMI 2. Laptopu ina betri, haikuzimika, kwa hiyo mtu anaona muvi inaendelea kwenye laptopu na TV iko tupu, anahukumu kwamba kebo imeungua. Kuna jamaa waliopanda bodaboda kutoka Katonga mpaka hapa kuja kununua kebo wasiyoihitaji.

Nyumbani tuna TV ya chogo. Inawezekana, au nihesabu imeisha kazi?

Inawezekana, na picha itakuwa ya kuridhisha kwa muvi na mpira. Maandishi madogo hayatasomeka. Usipange kuitumia kwa kazi za ofisi.

Unachohitaji ni konvata, kisanduku cha plastiki kinachotosha kiganjani. Upande mmoja kina tundu la HDMI, upande wa pili matundu matatu ya AV, na ubavuni kuna kitundu cha kuingizia umeme wa USB wa volti 5. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hela nyingi zinapoteketea. Kuna konvata za aina mbili na kwa sura ni mapacha. Moja imeandikwa HDMI2AV: inachukua HDMI ya laptopu na kuitoa kama AV. Nyingine imeandikwa AV2HDMI: inachukua AV ya kitu cha zamani, tuseme deki ya DVD, na kuitoa kama HDMI kwa TV mpya. Haziwezi kubadilishana, hata ugeuze kebo vipi. Kwa TV ya chogo unataka HDMI2AV. Soma maandishi ya juu ya kisanduku chenyewe, acha yale ya boksi la karatasi, kwa sababu dukani maboksi huchanganywa.

Pili, ipe umeme. Chomeka USB ya konvata kwenye laptopu au kwenye kichwa cha chaja ya simu. Watu huipuuza waya hiyo kwa kuwa taa inawaka hata bila yake, halafu picha inakuja na kupotea.

Tatu, ubavuni kuna swichi ndogo ya PAL na NTSC. Iweke PAL, ndio mfumo wa TV zetu tangu zamani. Ikiwa NTSC, utaona picha isiyo na rangi, au inayopanda juu kama inavutwa na kamba. Wateja wengi walioturudishia konvata kwa kuwa ni mbovu, tuliisogeza swichi kwa ukucha na wakaondoka nayo.

Laptopu yangu ni ya zamani, ina VGA tu. TV ni mpya, ina HDMI tu.

Habari ni ileile ya mwelekeo. Unatafuta konvata iliyoandikwa VGA to HDMI, yenye waya wa USB wa umeme na kijiwaya cha sauti. Ile ya HDMI to VGA ni ya safari ya kinyume. Na ile kebo nyembamba isiyo na kisanduku chochote, VGA huku na HDMI kule, inayouzwa rahisi, iache. VGA ni analojia na HDMI ni dijitali, na shaba peke yake haibadilishi moja kuwa nyingine.

Je, USB ya laptopu haiwezi kuchomekwa kwenye USB ya TV? Naona pande zote zipo.

Haiwezi. USB ya TV ipo kwa ajili ya flashi na diski. Ukiunganisha laptopu huko kwa kebo yenye ncha za kiume pande zote mbili, unakutanisha volti 5 na volti 5, kila upande ukidhani wenyewe ndio unatoa umeme. Picha hutapata, na poti unaweza kuunguza. Kebo hizo tumeacha kuziuza.

Ya kwangu ina Type-C peke yake.

Tazama alama iliyo pembeni ya tundu. Ukiona alama ya radi, yaani Thunderbolt, au herufi D na P zilizounganishwa, adapta ya Type-C kwenda HDMI itafanya kazi. Usipoona alama, usihukumu mapema. Nyingine zinatoa picha bila kuandikwa. Njoo nayo tujaribu na adapta yetu kabla hujalipa. Kwa simu ni vigumu zaidi: simu nyingi za bei ya kati, hata zikiwa na Type-C, hazitoi picha kabisa.

Nikiunganisha bila waya, bando litaliwa?

Inategemea unatumia njia gani, na ndiyo maana majibu ya mtaani yanapingana.

Kwenye Windows 10 na 11 ukibonyeza kitufe cha Windows na K, laptopu inatafuta TV zilizo karibu. Hiyo ni Miracast. Laptopu na TV zinaongea zenyewe kwa Wi-Fi, haihitaji ruta wala intaneti. Ukiangalia muvi iliyo ndani ya laptopu, bando haliguswi hata kidogo. Upande wa TV fungua sehemu inayoitwa Screen Mirroring, Screen Share au jina linalofanana na hayo kulingana na kampuni. Picha huchelewa kidogo nyuma ya kidole. Kwa muvi haisumbui, kwa gemu inaudhi.

Njia ya pili ni kurusha kutoka Chrome kwenda kwenye TV ya Android. Hapo vyote viwili lazima viwe kwenye mtandao mmoja, hata kama ni hotspoti ya simu yako. Ukirusha video ya YouTube, TV yenyewe ndiyo inayoivuta kutoka intaneti, na bando linaliwa kama kawaida. Jambo la kuangalia ni ubora: video iliyokuwa 360p kwenye kioo kidogo inaweza kupandishwa yenyewe ikifika kwenye TV. Netflix wanakadiria mpaka GB 3 kwa saa kwa video ya HD. Kama bando lako ni la kupima kwa kijiko, weka ubora kwa mkono wako, 480p inatosha.

Tukiulizwa sisi, kebo. Haikatiki katikati ya penalti.

Nikishika laptopu ikiwa kwenye chaji nahisi inanitekenya, na nilipochomeka HDMI ilitoa cheche. Ni laptopu mbovu?

Mara nyingi laptopu ni nzima. Tatizo ni ethi.

Ndani ya chaja kuna kapasita inayozuia kelele za umeme. Inaruhusu mkondo mdogo sana uvuke kutoka upande wa volti 230 kwenda kwenye laptopu. Kama waya wa ethi upo, mkondo huo unashuka ardhini na huhisi kitu. Kama haupo, bodi ya laptopu inabaki inaelea karibu na nusu ya volti za ukutani, na mkono wako ndio unaoonja. Kwa mtu ni mtekenyo tu. Kwa poti ya HDMI ni habari nyingine: TV nayo inaelea kwa namna yake, na unapozikutanisha, tofauti hiyo inakwisha kwa mkupuo, wakati mwingine kupitia zile pini nyembamba zinazobeba picha. Poti nyingi za HDMI zinazoletwa kwetu zimekufa hivyo, laptopu na TV zikiwa zinawaka vizuri kabisa.

Kwa hapa Kigoma sababu kubwa inajulikana. Vifaa vingi vinapita Bujumbura au vinavushwa ziwa kutoka Kongo, na chaja zake zina plagi ya pini mbili za duara. Soketi zetu ni za matundu matatu, na tundu la juu la ethi ndilo linalofungua vifuniko vya yale mawili ya chini. Basi mtu anachukua kalamu ya biki, anaisukuma kwenye tundu la juu, anaingiza pini mbili kwa nguvu, na kalamu wakati mwingine inaachwa humohumo. Umeme unapita, ethi hakuna, na pini zimekaa kwa kulegea, zinachemka. Nunua adapta ya plagi inayobeba ethi au badilisha waya wa chaja. Waya wa mashine kubwa unachomoka, unabadilishwa peke yake. Ekstensheni nayo iwe na nyaya tatu ndani. Zipo zenye matundu matatu usoni na nyaya mbili tumboni.

Na hata kama nyumba yako ina ethi nzuri, zoea utaratibu huu: zima TV na laptopu, zichomoe ukutani, unganisha HDMI, ndipo uwashe.

Na mvua je?

Kuanzia Novemba mpaka Aprili hapa kwetu radi si ya kuulizia. Ukisikia inakuja, kuzima kwa rimoti hakutoshi. Chomoa TV ukutani, chomoa waya wa dishi au antena kwenye king'amuzi, chomoa na HDMI ya laptopu. Dishi liko juu ya bati. Msukumo wa radi ya jirani ukiingia kwa waya wake unapita king'amuzi, unavuka HDMI mpaka TV, na kutoka TV unafuata HDMI nyingine mpaka laptopu. Tumewahi kupokea vyote vitatu kwenye mfuko mmoja wa salfeti.

Laptopu yangu imeandikwa Kifaransa.

Usihangaike kubadilisha lugha kwanza. Herufi P iko palepale hata kwenye kibodi ya Kifaransa. Ukibonyeza Windows na P utaona Dupliquer ambayo ni picha moja pande zote, Étendre ya kupanua, na Deuxième écran uniquement ya TV peke yake.

Tuko kijijini Uvinza, tunatumia sola. TV ni ya volti 12.

TV za volti 12 nyingi zina HDMI na AV kama nyingine zote, kwa hiyo kuunganisha hakubadiliki. Kinachokula ni laptopu. Chaja yake ni ya takriban wati 45 hadi 65, na ukiipitisha kwenye inveta unapandisha volti 12 kwenda 230 halafu chaja inazishusha tena kwenda 19. Kila hatua inakula kidogo. Tafuta chaja ya laptopu ya kwenye gari, inayotoka volti 12 kwenda 19 moja kwa moja, ila pima kwanza ncha yake na volti za laptopu yako. Au chaji laptopu mchana jua likiwa kali, jioni mwangalie kwa betri yake.

Kwa nini nisichomeke flashi tu kwenye TV?

Ikicheza, chomeka flashi, mbona rahisi. Isipocheza, sababu kwa kawaida ni moja ya hizi: faili limezidi GB 4 na flashi imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili kubwa kuliko hapo, au video imebanwa kwa njia mpya ya H.265 na TV ni ya zamani, haiijui. Au picha inakuja bila sauti kwa sababu sauti yake ni ya aina ya DTS na TV haiisomi. Laptopu yenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video, inacheza vyote hivyo, na maandishi ya tafsiri ukiyapa jina sawa na la muvi inayachukua yenyewe.

Nataka kufungua kibanda umiza. Laptopu ikae kaunta, TV iwe mbele. Kebo ndefu kiasi gani?

Kwa 1080p, kebo nzuri ya mita 10 kwa kawaida inafika salama. Zaidi ya hapo picha inaanza kutoa vinukta au kukatika, na unahitaji kebo yenye kikuza mawimbi ndani, au viboksi viwili vinavyopeleka HDMI kwa kebo ya mtandao. Kebo zenye kikuza zina upande wa TV na upande wa laptopu, zimeandikwa, usizigeuze. Ipitishe juu, isikanyagwe na mabenchi.

Kuhusu vibali: kuangalia na familia sebuleni ni jambo moja, kutoza kiingilio ni jingine. Filamu zina wenyewe, na nchini zinasimamiwa na Bodi ya Filamu na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako kabla hujanunua hata benchi moja.

Pembeni picha inakatika, sioni saa ya chini ya Windows.

Ni mpangilio wa TV. Ingia sehemu ya Picture Size au Aspect, chagua Just Scan, Screen Fit au 1:1, jina lolote litakalokuwepo.

Muvi zangu zinacheza, lakini huduma ya kulipia inaonyesha giza.

Huenda unatumia konvata ya AV au VGA. Huduma hizo hukagua kama njia yote mpaka kwenye kioo ina HDCP, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili, na AV na VGA hazina. HDMI kwa HDMI moja kwa moja ndiyo dawa.

Nikifunika laptopu, TV nayo inazima.

Fungua Control Panel, Power Options, kisha sehemu ya kuchagua kifuniko kikifungwa kifanye nini, weka Do nothing pande zote mbili, ya betri na ya umeme. Ukimaliza muvi, izime kwa kitufe chake. Usiisukumie kwenye begi ikiwa imefunikwa tu, maana sasa haitalala yenyewe na itachemka humo ndani mpaka betri iishe.